Ngoma ya nchi wasiyowahi kuiona

JANUARI mwaka huu nilisafiri kutoka Mwanza hadi Edmonton, mji mkuu wa jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada. Sikwenda kutalii. Nilikwenda kumsalimia mdogo wangu, na nilibeba ujumbe wa mama yetu.

Mama anaishi Kisesa, wilayani Magu. Kila wiki huongea na mjukuu wake wa Kanada kwa simu ya video. "Ananiamkia vizuri," aliniambia kabla sijaondoka. "Lakini baada ya shikamoo hakuna kitu. Tunaangaliana tu. Nenda ukaone kuna nini."

Mjukuu mwenyewe ana miaka tisa na amezaliwa hukohuko. Kiswahili anakielewa akitaka, ila anajibu kwa Kiingereza. Kisukuma hajui hata neno. Nilipomgusia mdogo wangu, alikaa kimya kwanza, kisha akasema: "Dada, mimi natoka kazini saa tano usiku. Baba yake anaingia zamu saa kumi na moja alfajiri. Nimfundishe saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mzazi mwenzangu, hata wewe unayesoma hapa ukiwa Dar es Salaam au Arusha, huenda mtoto wako hamwelewi bibi yake wa kijijini. Haihitaji kupanda ndege ili kupotea.

Kipande cha jibu nilikutana nacho siku yangu ya nne mjini humo, katika ukumbi ulio chini ya kanisa, watoto wakirukaruka kwa buti nyekundu.

Baba ni bibi

Rafiki mkubwa wa mtoto wetu shuleni ni binti mwenye asili ya Ukraine. Kila Jumanne jioni anakwenda mazoezi ya ngoma, na wiki hiyo mama yake alitualika tukaone. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi 24 chini ya sifuri. Ukivuta pumzi, unasikia vinyweleo vya puani vinakakamaa.

Tulipofungua mlango wa ukumbi tulipokelewa na harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa siagi. Upande wa jikoni alisimama mwanamke mzee, nywele nyeupe, aproni kiunoni. Watoto watatu walimkimbilia wakipiga kelele: "Baba! Baba!"

Niligeuka kumtafuta huyo mwanamume. Hakuwepo.

Mtoto wetu aliangua kicheko. "Mama mkubwa," akaniambia, "baba ni bibi."

Ndivyo ilivyo. Kwa Kiukraine, bibi anaitwa "baba". Nilicheka na mimi, lakini kilichobaki moyoni ni kingine. Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya kwanza kamili ya Kiswahili niliyoisikia kutoka kwa mtoto yule tangu nishuke uwanja wa ndege.

Ukumbini watoto kama ishirini walijipanga mistari, wadogo mbele. Mwalimu, kijana wa kike ambaye mchana ni mfamasia, alianza kwa kunyoosha viungo, halafu akataja hatua moja baada ya nyingine kwa Kiukraine. "Bihunets" ni hatua ya kukimbia kwa wepesi, kana kwamba sakafu ni ya moto. "Prysiadka" ndiyo ile ambayo wengi tumewahi kuiona kwenye televisheni: mchezaji anachuchumaa, anarusha mguu mbele, anabadilisha, huku mgongo umesimama wima. Jaribu nyumbani ukiwa peke yako. Mimi nilijaribu chooni, nikashika ukuta.

Mama wa yule binti alinieleza kuwa Ukraine, kama kwetu, kila eneo lina mchezo wake. Watu wa milimani, Wahutsul, huchezea hatua fupi za haraka. Watu wa Poltava, katikati ya nchi, ndio wenye mataji ya maua na utepe mrefu wa rangi unaopepea mgongoni. Hopak ni ule wa kuruka juu na kushindana. Mtoto akikaa kwenye kikundi miaka kadhaa, anakuwa ameipitia ramani ya nchi nzima kwa miguu.

"Umeshawahi kufika Ukraine?" nilimuuliza.

"Hapana," akajibu. "Wala mama yangu. Babu wa babu yangu ndiye aliyetoka huko."

Barabara ya kuelekea kwenye yai

Jumapili iliyofuata familia ile ilitupakia kwenye gari tukaenda mashariki, kwenye mji mdogo uitwao Vegreville, karibu kilomita 100 kutoka Edmonton. Ardhi ni tambarare mpaka macho yanachoka, nyeupe tupu kwa theluji. Kila baada ya mwendo fulani linachomoza kanisa dogo la mbao lenye kuba la mviringo juu, kama kitunguu. Makanisa hayo yalijengwa na wakulima wa Kiukraine.

Wawili wa kwanza wanaokumbukwa, Ivan Pylypiw na Wasyl Eleniak, walifika Kanada mwaka 1891 kutoka kijiji cha Nebyliv, eneo la Galicia ambalo wakati huo lilikuwa chini ya dola ya Austria-Hungaria. Serikali ya Kanada ilikuwa inagawa mashamba ya ekari 160 kwa ada ya dola 10, ili mradi mtu ayalime. Kwa mkulima aliyetoka kwenye kishamba kilichokatwakatwa kati ya ndugu, hiyo ilikuwa ndoto. Kufikia mwaka 1914 walikuwa wameshaingia kama watu 170,000.

Lakini maisha hayakuwa ya sherehe. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Kanada iliwahesabu kuwa raia wa dola ya adui. Kati ya mwaka 1914 na 1920 zaidi ya watu 8,500 waliwekwa kambini, wengi wao Waukraine. Moja ya kambi hizo ilikuwa Castle Mountain, milimani hapohapo Alberta. Shuleni nako, mwaka 1913 serikali ya jimbo iliwaondoa walimu waliokuwa wakifundisha kwa Kiukraine. Watoto walijifunza haraka kuwa lugha ya nyumbani ni ya kuionea aibu.

Nilimtazama mdogo wangu, aliyekaa kiti cha mbele. Alikuwa anasikiliza huku anaangalia theluji.

Ngoma haikukatazwa. Mwaka 1925 alifika Kanada mtu mmoja aitwaye Vasile Avramenko, mwalimu wa ngoma za kwao. Alitembea mji hadi mji kwa wahamiaji, akiendesha mafunzo ya muda mfupi na kuwaacha wanafunzi wake waendeleze. Wazazi ambao watoto wao walishaanza kujibu kwa Kiingereza waliona jambo moja: mtoto huyuhuyu, akivaa shati lililotariziwa na kusikia fidla na tsymbaly, kinanda cha nyuzi kinachogongwa kwa vijiti viwili, anasimama mstarini bila kulazimishwa.

Tulipofika Vegreville tulikuta yai. Sitanii. Katika bustani ya mji huo kuna sanamu ya yai la Pasaka la Kiukraine, lililopakwa nakshi za dhahabu, fedha na shaba, lenye kimo cha zaidi ya mita 9 ukipima toka chini. Lilijengwa mwaka 1975, na huzunguka taratibu upepo unapovuma. Tulipiga picha mbiombio tukarudi garini, maana vidole vilikuwa vimeshaanza kufa ganzi. Mtoto wetu aliuliza kwa Kiingereza: "Sisi sanamu yetu iko wapi?"

Mdogo wangu alijibu kuwa iko Mwanza, ni samaki. Tukacheka. Swali lilibaki.

Mtu mmoja, vikundi viwili

Ukitaka kujua ngoma hii imefika wapi Edmonton, utatajiwa majina mawili: Shumka na Cheremosh. Shumka ilianzishwa mwaka 1959 na Chester Kuc, mzaliwa wa Kanada. Miaka 10 baadaye, mwaka 1969, mtu huyohuyo akaanzisha Cheremosh. Kwa msomaji wa Usukumani hili halishangazi. Kwetu Bagika na Bagalu wanashindana vizazi na vizazi, na ushindani wenyewe ndio unaoifanya ngoma isilale.

Shumka leo ni kikundi cha jukwaa kubwa. Wanajaza ukumbi wa Jubilee wenye viti takriban 2,500, wana toleo lao la Nutcracker, na wana shule ya watoto. Mwaka 1990, Ukraine ikiwa bado ndani ya Umoja wa Kisovieti, walikwenda kucheza hukohuko. Fikiria wajukuu na vitukuu wa wakulima wa ekari 160 wanapanda jukwaa kwenye nchi waliyoisikia kwa bibi tu. Baadaye wakaandaa onyesho lililoitwa Ancestors and Elders wakishirikiana na wachezaji wa jamii za wenyeji asilia wa Kanada, maana ardhi ile iliyogawiwa kwa dola 10 haikuwa pori lisilo na mwenyewe.

Lakini mti mkubwa unasimama kwa mizizi, na mizizi ni vikundi vidogo kama kile cha ukumbi wa chini ya kanisa. Mtoto anaanza na miaka minne au mitano, hajui kulia na kushoto. Wachache wanafika jukwaa kubwa. Wengi wanaishia kuwa wazazi wanaoleta watoto wao, na hao ndio wanaoshikilia kazi.

Nani analipa?

Hapa ndipo nilipotega sikio zaidi, maana najua michango inavyochosha.

Kwanza kuna ada ya mwaka, na hailipi kila kitu. Buti hupitishwa kutoka mtoto mkubwa kwenda mdogo mpaka soli iishe. Mavazi ni mali ya kikundi, yanatunzwa kwenye chumba chenye kufuli, na kuna mama mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu sketi, mashati na mataji kila onyesho likiisha. Akipungukiwa na utepe mmoja, haondoki mtu.

Pili kuna jikoni. Wale akina baba, yaani akina bibi, hukutana kutengeneza pyrohy. Ni kama sambusa ndogo laini, unga umekunjwa nusu duara, ndani viazi mviringo na jibini, unachemsha halafu unamiminia siagi na kitunguu. Wanakunja mamia kwa asubuhi moja, mikono inakwenda huku midomo inasengenya. Zinauzwa kwa dazeni zikiwa zimegandishwa, na fedha inaingia kwenye kikundi.

Tatu ndilo lililonishangaza: kasino. Kwa sheria za Alberta, vikundi visivyo vya kibiashara vinaweza kupewa kibali cha kusimamia shughuli ya kasino kwa siku mbili. Wanachama wanajitolea kufanya kazi pale, kuhesabu fedha na kusimamia, kisha kikundi kinapata mgawo wa mapato. Kwa hiyo mzazi anayetaka mtoto ajifunze hopak huenda akajikuta saa nane za usiku anahesabu noti za wacheza kamari.

"Unapenda?" nilimuuliza baba wa yule binti, fundi umeme.

"Nachukia," akasema. "Lakini zamu yangu ikifika naenda. Baba yangu alikwenda."

Nilimuuliza pia jambo nililokuwa naogopa kuuliza. Je, binti yake anaongea Kiukraine?

Alitikisa kichwa. Anajua majina ya hatua, majina ya vyakula, sala mbili, na nyimbo ambazo maana yake anaikisia. Mwaka 1974 shule za umma za Edmonton zilianza kufundisha kwa Kiukraine na Kiingereza, na mpango huo upo mpaka leo, lakini shule yenyewe iko mbali na kwao. Yeye mwenyewe huongea Kiukraine cha kuombea maji tu. "Ngoma imetubakizia mlango," alisema. "Nyumba yenyewe tumeipoteza vyumba vingi."

Nampa heshima kwa kusema ukweli. Ukimsikia mtu akikuambia kuwa ngoma peke yake inaokoa lugha, usimwamini.

Mtoto wa Kharkiv

Kwa nini basi kuhangaika kwa ajili ya mlango? Jibu lilikuwa limesimama mstari wa nyuma.

Alikuwa mvulana wa miaka kumi, mwembamba, amevaa soksi kwa sababu buti za saizi yake zilikuwa hazijapatikana. Yeye na mama yake walitoka Kharkiv, mashariki mwa Ukraine, baada ya Urusi kuivamia nchi yao kikamilifu Februari 24, 2022. Mwezi uliofuata Kanada ilifungua utaratibu wa dharura wa kuwapokea, na karibu watu 300,000 waliingia kwa njia hiyo kabla ya mwaka 2024 kufika katikati. Baba yake amebaki. Sheria ya vita ya mwaka 2022 iliwazuia wanaume wengi wa kati ya miaka 18 na 60 kutoka nje ya nchi.

Mama huyo na mimi tulizungumza kwa Kiingereza cha kuokoteza na kwa programu ya kutafsiri kwenye simu yake. Alinieleza kuwa walipofika hawakumjua mtu. Mtu wa uhamiaji aliwapa karatasi nyingi. Jirani mmoja aliwapa anwani ya ukumbi huu. Alipofungua mlango, bibi wa jikoni alimsalimia kwa Kiukraine cha zamani, chenye maneno aliyoyasikia mara ya mwisho kwa bibi mzaa bibi yake. "Nililia," simu ikatafsiri. "Nikala. Nikalia tena."

Kikundi kilimsamehe mtoto ada. Wiki mbili baadaye walikuwa wamepata makochi, meza, kitanda na kazi ya kuanzia kwa mama, vyote kupitia wazazi wa ukumbini. Hakuna kamati iliyoundwa. Watu walikuwa tayari wanajuana. Walishazoea kugawana zamu, kupika kwa wingi na kuchangishana. Mambo yote waliyoyajenga kwa ajili ya sketi na buti, siku ya shida yalikuwepo, yamesimama.

Na kulikuwa na jambo la kuchekesha. Yule mvulana hakujua kucheza. Kwao Kharkiv, mji mkubwa, alicheza mpira na michezo ya kompyuta. Ngoma ya asili aliiona kwenye sherehe za shule tu. Watoto wa Kanada, ambao hawajawahi kuiona Ukraine, ndio waliokuwa wanamfundisha prysiadka. Naye aliposikia wanavyotamka majina ya hatua, alishindwa kuvumilia, akaanza kuwasahihisha. Wao wana miguu, yeye ana ulimi. Kila upande ulikuwa umebakiwa na nusu, na nusu hizo zilikutana Jumanne jioni kwa sababu kulikuwa na mahali pa kukutania.

Mduara wa Malanka

Jumamosi ilikuwa Malanka, sherehe ya kuukaribisha mwaka mpya kwa kalenda ya zamani. Edmonton huifanya Jumamosi mbalimbali za Januari, kila ukumbi na siku yake. Kwenye meza kulikuwa na pyrohy, wali na nyama vilivyoviringwa kwenye majani ya kabichi, na soseji zenye kitunguu saumu. Mtu aliyevaa kama mbuzi alipita akisumbua wageni, kama mizaha ya harusini kwetu.

Watoto walifungua kwa mchezo wa kukaribisha wageni. Mmoja alibeba mkate wenye chumvi juu yake, akausogeza mbele, akainama. Yule mvulana wa Kharkiv alikuwa mstari wa mwisho, safari hii na buti. Zilimpwaya kidogo. Alikosea mara mbili, na kila alipokosea binti wa kushoto kwake alimvuta mkono bila kugeuza uso. Mama yake alirekodi yote kwa simu, na wimbo haujaisha alikuwa ameshaituma video. Sikuhitaji kuuliza anamtumia nani.

Saa tano ukaanza mduara unaoitwa kolomyika. Watu wote, wazee kwa vijana, wanashikana na kuzunguka, na katikati anaingia anayetaka kuonyesha alichonacho. Fundi umeme wetu aliingia, akachuchumaa, akarusha miguu mara nne, akatoka anahema. Bibi wa jikoni akaingia kwa hatua ndogondogo, mkono kiunoni, akashangiliwa kuliko wote. Ghafla yule binti akamvuta mtoto wetu katikati. Akazunguka naye, akamwachia, akampigia makofi kama kusema: haya, na wewe onyesha cha kwenu.

Mtoto wetu alisimama. Alinitazama. Halafu akatazama chini, akarudi pembeni mbio.

Hakuna aliyemcheka. Muziki uliendelea, mwingine akaingia. Lakini mimi na mdogo wangu tuliona, na usiku ule garini hakuna aliyesema kitu.

Chepe la theluji

Kesho yake jioni, saa mbili usiku, nilipiga simu Kisesa. Kule ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu. Mama alikuwa ameshaamka, anajiandaa kwenda kupalilia. Nikamwambia: "Mama, usiondoke. Chukua jembe."

Kisha nikamwita mtoto tukaingia gereji. Jembe hatukuwa nalo. Kilichokuwepo ni chepe la kuzolea theluji, la plastiki, rangi ya chungwa. Nikaliweka begani. Simu tuliiegesha juu ya kopo la rangi.

Sijacheza bugobogobo tangu nikiwa sekondari. Kwa wasioijua, ni ngoma ya Wasukuma ya jembe. Ilianzia shambani, watu wakilima kwa pamoja na ngoma ikiwatia nguvu, na wachezaji hodari hurusha jembe juu na kulidaka bila kukosa mdundo. Mama alianza kuimba kutoka Kisesa, sauti ikikatika kwa mtandao. Nikaingia. Mkono ulikumbuka kabla ya kichwa. Nililirusha chepe, nikalidaka. Mara ya pili liligonga balbu.

Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akasema kwa Kiswahili: "Nipe mimi."

Mama alimwelekeza kwenye simu: miguu ipanue, kiuno shusha, mabega legeza. Hakuelewa maneno yote. Aliuliza, "Kupanua ni nini?" Nikataka kumjibu, mama akanikatiza: "Mwache, namwonyesha." Akaiweka simu chini, akarudi nyuma, akamwonyesha, jembe halisi mkononi, kuku wakipita nyuma yake. Walikaa hivyo dakika arobaini. Kwa miezi mingi simu zao zilikuwa hazizidi dakika nne.

Sitakudanganya kuwa mtoto sasa anaongea Kiswahili fasaha. Hapana. Tangu nirudi Mwanza ni miezi michache, na bado anachanganya. Lakini mdogo wangu alibadilisha zamu moja ya wiki. Familia nne za Kitanzania na moja ya Kikongo, wote waswahili, zimekubaliana kukutana kila Jumamosi ya pili. Mahali pa kukutania waliahidiwa na wale wa ukumbi wa chini ya kanisa, bila malipo, kwa sharti la kufagia. Mwezi wa kwanza walikuja watoto sita. Mwezi wa pili wanne. Mdogo wangu alinipigia akiwa amekata tamaa.

Nilimkumbusha yule fundi umeme, anayechukia kasino na bado anakwenda. Nikamwambia: hata wakija wawili, washa taa.

Nawe mzazi unayesoma kwenye simu yako, huhitaji kufika Kanada. Ukiwa Mwanza, Bujora ipo palepale Kisesa, na kila Juni kwenye sikukuu ya Bulabo Bagika na Bagalu hupambana. Mpeleke mtoto, asione tu, aguse. Ukiwa kwingine, muulize bibi yake alicheza nini alipokuwa binti. Panga siku moja ya wiki, ileile, iwe mvua iwe jua. Waite majirani, maana mtoto mmoja peke yake hachezi ngoma. Na kubali mapema kuwa kuna siku utachoka na hutaona faida.

Waukraine wa Edmonton hawakujua, mwaka 1959, kuwa ipo siku mtoto wa Kharkiv angefika mlangoni kwao na soksi tu miguuni. Walikuwa wanafundisha watoto wao kuruka, basi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na ukumbi nao ni hivyohivyo.

Wiki iliyopita mama alinipigia kutoka Kisesa. Anataka nimnunulie bando kubwa zaidi. Anasema lile la zamani linamwishia kabla mjukuu hajamaliza kuuliza.